Mkalimani wa Benchi la Mbele

Kanisa letu lilimwondoa Chepngeno kwa makofi na blanketi.

Ilikuwa Jumapili ya pili ya Februari. Mchungaji Hiram alimwita mbele, akamfunika mabega kwa blanketi jekundu lililokuwa bado na mikunjo ya dukani, kisha akamshukuru kwa Kiingereza kwa dakika nne nzima. Shukrani hizo hazikutafsiriwa. Mtu wa kuzitafsiri ndiye aliyekuwa akiagwa. Kwenye benchi la mbele waliketi wazee kumi na mmoja ambao, kwa miaka ishirini na sita, hawakuwa wamesikia hata hubiri moja ila kupitia kinywa cha Chepngeno. Walipiga makofi kuliko watu wote, wakidhani amepewa zawadi ya kazi njema ili aendelee nayo. Jepleting, ambaye ana miaka themanini na minane na ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, alisimama kabisa akapiga vigelegele.

Chepngeno aliporudi kuketi, Kogo alimshika mkono.

“Amesema nini huyo kijana?”

“Nitakuambia nyumbani,” Chepngeno akajibu.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikataa kutafsiri.

Ukikutana naye barabarani hutajua kwamba ni mtu wa maneno. Ni mwanamke mfupi, mwenye gambuti na sweta la rangi ya udongo, anayesukuma mkebe wa maziwa kwenye wilibaro hadi kwa lori la kukusanyia maziwa. Ana ng'ombe wanne na ekari moja na nusu ya viazi hapa Kibaoni, nje kidogo ya Molo. Wengi humwita Mama Weldon. Alizaliwa kwa Wakipsigis, upande wa Kedowa, akaolewa huku na Kamande, Mkikuyu aliyekuwa akipakia magunia ya viazi kwenye malori. Kiswahili alikipata shuleni, mpaka darasa la saba. Kikikuyu alikipata jikoni kwa mama mkwe wake, Mugure, mama ambaye hakuwa na subira hata kidogo.

“Ukitaka chumvi iite kwa jina lake,” Mugure alikuwa akimwambia. “Hapa hatuonyeshani vitu kwa kidole kama watoto.”

Wiki ya kwanza alikula chakula bila chumvi. Mwaka ulipoisha, alikuwa akigombana na Mugure kwa Kikikuyu kizuri kuliko cha Kamande.

Wakati huo kanisani mahubiri yalitolewa kwa Kiswahili, na Mzee Gathogo akiyageuza kwa Kikikuyu. Wazee wa Kikipsigis waliketi tu. Walikuja, wakatoa sadaka, wakasimama watu wakisimama, wakaenda zao. Jumapili moja mwaka wa 1999 mhubiri alikuwa akisimulia habari za mwana mpotevu. Chepngeno, akiwa ameketi nyuma na mtoto mgongoni, akawaona wale wazee wakitazama dirishani. Mtoto wa mtu amerudi nyumbani amekonda, baba yake anatoka mbio kumpokea, na wao wanatazama ng'ombe wakipita nje! Alisema baadaye kwamba hasira ndiyo iliyomwinua. Aliinuka, akaenda akasimama kando ya Gathogo, na sentensi iliyofuata akaitoa kwa Kikipsigis. Mhubiri alishangaa, akangoja, akaendelea. Hakuna kamati iliyomteua. Gathogo alipofariki, akazibeba lugha zote mbili peke yake.

Nataka ieleweke jinsi alivyofanya kazi hiyo, kwa sababu waliomwondoa waliiita kurudiarudia.

Kila Ijumaa alimpigia mhubiri simu kuuliza somo la Jumapili. Kutwa nzima ya Jumamosi, akikamua, akipalilia, alikuwa akilitafuna. Jioni alishuka hadi kwa Kogo Jepleting, akaketi naye akichambua maharagwe, akamjaribishia. Ikiwa mikono ya Kogo iliendelea na maharagwe, alijua sentensi haijafika, akaivunja na kuijenga upya. Mikono ikisimama, basi imefika. Mzabibu ulimsumbua mwezi mzima. Nani Kibaoni ameona mzabibu? Mwishowe alisema ni mmea unaotambaa kama malenge, lakini hupandishwa juu ya miti, na usipokatwa matawi huzaa majani matupu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Wanajua mimea ya namna hiyo, na watu wa namna hiyo.

Halafu kuna ule mwaka wa 2008, wa vurugu za baada ya uchaguzi. Watu wa Molo hawapendi kuuzungumzia, nami sitauchokonoa. Niseme tu kwamba tuliporudi kanisani tuliketi pande mbili, njia ya katikati ikiwa pana kama barabara, na kila upande ukiamini kwamba upande wa pili unaambiwa mambo mengine kwa lugha yake. Chepngeno alisimama katikati ya njia ile. Alitoa sentensi kwa Kikikuyu, akageuka akaitoa kwa Kikipsigis, na wale wachache waliojua lugha zote mbili wakamchunga kama askari wa zamu. Jumapili baada ya Jumapili hawakupata hata neno moja la ziada. Sijui ni hubiri gani lililotuunganisha tena. Najua ni nani aliyesimama pale katikati.

Mchungaji Hiram alitujia miaka miwili iliyopita kutoka Nakuru mjini. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya, jambo hili lingekuwa rahisi kulieleza. Alikuta paa linavuja, akaliziba. Alikuta vijana wamehamia makanisa ya Nakuru, hasa kule Free Area ambako kuna magitaa na taa za rangi, akawarudisha. Alileta projekta, skrini mbili, kamera, na binti mmoja hodari anayeitwa Cate wa kuviendesha. Ibada ikaanza kurushwa mtandaoni, na watoto wetu walio Dubai na Kanada wakawa wanatutazama Jumapili wakiwa vitandani. Ni jambo zuri. Hata Chepngeno alifurahi siku Weldon alipompigia simu kutoka Doha akamwambia, “Mathe, nimekuona! Hiyo kilemba ni mpya?”

Lakini waliokuwa vitandani wakaanza kulalamika. Ibada ni ndefu. Kila sentensi inasemwa mara tatu. Mtu mmoja kutoka ng'ambo aliandika kwamba akifika sentensi ya tatu amesahau ya kwanza. Kamati ya kanisa ikaketi. Ikaamua kuwa ibada ni saa moja na nusu, basi, na tafsiri itaandikwa kwenye skrini.

Aliyetumwa kumwambia ni Mzee Kabiru, mwenyekiti wa kamati. Alimkuta zizini.

“Mama Weldon, kamati imeonelea ikushukuru.”

“Kwa nini? Nimekufa?”

“Aa, mama, wacha mzaha. Umefanya kazi kubwa. Upumzike sasa. Mambo imebadilika, siku hizi ni digital.”

“Mtu akishukuriwa kabla hajamaliza kazi, huyo amefukuzwa, Mzee Kabiru. Sema tu.”

“Hakuna mtu amefukuza mtu. Tafsiri itakuwa kwa skrini, Kikuyu na Kipsigis, maandishi makubwa.”

“Na wazee wasome?”

“Wasome, ndiyo.”

Chepngeno aliacha kukamua, akamtazama. “Wewe Kabiru, unamjua kila mmoja kwenye benchi lile. Yupi anajua kusoma?”

Kabiru alitazama viatu vyake vilivyokuwa vimeanza kuzama kwenye matope ya zizi. Alijua. Kamati nzima ilijua. Kati ya wazee kumi na mmoja, wawili tu waliwahi kukanyaga shule, na mmoja wao ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Wengine kwenye kamati ile ni watoto wa wazee hao hao! Waliandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba “mahitaji ya wazee yamezingatiwa,” wakanywa chai, wakaenda nyumbani wakawapita mama zao mlangoni.

Basi skrini zikaandika. Maneno yalipita marefu na safi, meupe juu ya buluu, na chini yake wazee kumi na mmoja wakakaa wakiyatazama kwa adabu, kama watu wanaotazama mvua ikinyesha shamba la jirani. Nilitazama hivyo kwa Jumapili kumi na tatu. Wengi wetu tulitazama. Tuliona ibada imekuwa fupi, tukafika nyumbani mapema, tukanyamaza.

Mwezi wa Mei, Kogo Jepleting akasema anataka kubatizwa.

Hili halikuwa jambo dogo. Kogo amekuja kanisani tangu ile Jumapili ya mwana mpotevu, na kila mchungaji aliyepita alimbembeleza abatizwe. Jibu lake lilikuwa moja: “Bado nasikiliza.” Alikuwa na sababu. Zamani mume wake aliitwa mbele ya meza, akaambiwa aweke kidole gumba kwenye karatasi, hakusomewa. Miezi minne baadaye walikuja watu na kamba za kupimia, na ikabainika kwamba alikuwa amekubali kutoa bonde lote la mtoni. Tangu siku hiyo Kogo hakubali kitu asichokisikia mpaka mwisho. Sasa alisema amesikiliza vya kutosha, na akiongeza miaka mingine atakufa akiwa bado msikilizaji.

Mchungaji Hiram alifurahi mno. Kufikia Jumatano, picha ya Kogo ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu wote, imeandikwa: MIAKA 88, ABATIZWA LAIVU JUMAPILI HII. Hakuna aliyemwonyesha Kogo.

Chepngeno alikwenda ofisini kwa Mchungaji na ombi moja. Nilikuwa pale nikirudisha vitabu vya Shule ya Jumapili, na mlango ulikuwa wazi.

“Pasta, sitaki kurudi kwa maiki. Nataka hayo maswali manne ya ubatizo tu. Nimuulize Kogo kwa lugha yake, ajibu, nirudi nikae.”

“Mama, nakuelewa kabisa. Lakini tukifungua hiyo mlango, wiki ijayo kila mtu atataka. Na tuko na dakika sita tu za ubatizo. Cate ataweka maswali kwa skrini.”

“Hajui kusoma.”

“Si utamwandaa nyumbani? Mwambie tu, kila swali jibu ni ndiyo.”

Chepngeno alimjibu kwa sauti ya chini sana.

“Pasta Hiram. Wale waliomnyang'anya mume wake bonde nao walimwambia aweke kidole tu, bila kumsomea karatasi. Wewe unataka amwambie Mungu ndiyo, na hajui ameulizwa nini?”

“Sasa mama, hapo unanikosea. Hiyo si kitu kimoja.”

“Nionyeshe tofauti.”

“Mungu anajua moyo wake.”

“Mungu anajua. Mimi nauliza kama yeye mwenyewe atajua.”

Mchungaji alisema ana mkutano mwingine. Chepngeno alipotoka alinipita bila kuniona. Nami, niliyesoma chuo kikuu miaka minne, niliyeandika insha nzima juu ya haki za lugha nikapata alama ya juu, nilipanga vile vitabu kwenye rafu nikaondoka bila kusema neno. Najikasirikia mimi pia.

Chepngeno hakumwandaa Kogo. Watu walimwambia anafanya ukaidi. Mjukuu wa Kogo, Kipketer, alikuja kumsihi: “Mama Weldon, msaidie tu. Ni ndiyo mara nne. Itaharibika nini?” Akajibiwa kwamba ikiwa ni rahisi hivyo, amfundishe mwenyewe. Kipketer alijaribu. Kogo alimsikiliza, kisha akamuuliza, “Na kabla ya hiyo ndiyo, wanasema nini?” Kipketer, aliyekulia Nakuru, hakuwa na Kikipsigis cha kutosha kumweleza.

Jumapili ikafika. Kogo alivaa gauni jeupe alilonunuliwa na Kipketer, na kitambaa cheupe kichwani. Waliokuwa wakitazama mtandaoni walikuwa zaidi ya mia tatu. Cate alionyesha idadi hiyo kwenye skrini. Mchungaji alimshika Kogo mkono kwa upole, akamgeuza kidogo atazame kamera.

“Je, unamwamini Mungu Baba, Mwumba wa mbingu na nchi?”

Maandishi yakatokea juu. Kogo akamtazama Mchungaji usoni.

“Kogo, sema ndiyo.”

Kimya.

Mchungaji akarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha upendo, kile cha kuwachekea watoto na wazee. Hicho kicheko ndicho kilichonichoma. Mama huyu anajua majina ya kila mti ulioko kwenye msitu wa Mau. Amezaa watoto tisa na kuzika watatu. Alikuwa amesimama pale akichekewa kwa sababu hakutaka kudanganya.

Chepngeno akainuka. Mzee Kabiru alikuwa amejiweka mwisho wa benchi lake makusudi, akanyoosha mkono kumzuia.

“Mama Weldon, kaa. Tuko hewani.”

“Basi hewani wasikie.”

Alimruka miguu, akasogea hatua tatu mbele, akasimama pale chini, hakupanda jukwaani. Bila maikrofoni akauliza swali lile kwa Kikipsigis. Kogo alijibu papo hapo, kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Chepngeno akageuka.

“Anasema anamwamini. Anasema alianza kumwamini kabla wewe hujazaliwa.”

Safari hii kicheko kilikuwa kingine. Mchungaji naye alitabasamu, nadhani alipata ahueni. Akauliza la pili, juu ya Yesu Kristo. Likatafsiriwa, likajibiwa. La tatu, juu ya kumkataa Shetani na kazi zake. Kogo akauliza kazi zake ni zipi hasa, na Mchungaji akalazimika kuzitaja: uongo, wizi, chuki, kumdharau jirani. Kogo akasema sawa, hizo anazikataa, nyingine amefanyiwa, anazijua.

Kisha la nne.

“Je, unaahidi kulisikiliza Neno la Mungu kwa bidii linapohubiriwa katika kanisa hili?”

Chepngeno alilitafsiri. Naweza kuapa kwamba hakuongeza hata pumzi. Bethwel, mjumbe wa kamati ambaye ni Mkipsigis, alikiri hivyo baadaye, ingawa hakupenda.

Kogo akaongea, si kwa hasira, kama mtu anayepatana bei na muuzaji anayemheshimu. Chepngeno alimngoja amalize.

“Anasema, hilo hawezi kuahidi. Anasema tangu Februari hajahubiriwa katika kanisa hili. Anaona midomo inacheza. Anauliza, atasikilizaje kwa bidii kitu ambacho hapewi? Anasema wewe ahidi kwanza kwamba atasikia, halafu yeye ataahidi kusikiliza.”

Hakuna aliyecheka. Mchungaji aliangalia kamera, akamwangalia Kabiru, akaangalia saa iliyo ukutani. Angeweza kusema neno moja. Sote tulilingoja, nafikiri hata yeye alilihisi likija.

“Mwambie,” alisema hatimaye, “hilo tutaliangalia kwenye kamati.”

Chepngeno alitafsiri hata hilo, kwa uaminifu ule ule. Kogo akaitikia kwa kichwa taratibu.

“Anasema vizuri. Anasema basi na yeye ataingojea kamati.”

Na Kogo Jepleting akauachia mkono wa Mchungaji, akaupita mtungi wa maji ya ubatizo, akarudi kwenye benchi la mbele akaketi, kitambaa chake kikiwa kikavu. Skrini zikaonyesha picha ya maua na maandishi ya TUTARUDI HIVI PUNDE.

Jioni ile video ilifutwa. Jumatatu maneno yalikuwa kwamba Chepngeno alimfundisha, kwamba ni siasa, kwamba ameaibisha kanisa mbele ya ulimwengu. Sue, mke wa Mzee Kabiru, alimwambia sokoni mbele ya watu: “Umemnyima shosho wa watu ubatizo juu ya maiki.” Chepngeno alikuwa akichagua vitunguu. “Maiki nilimwomba nani?” aliuliza, akalipa, akaenda.

Kamati imeketi mara mbili tangu siku hiyo. Mara ya kwanza ilijadili vifaa vya kuvaa masikioni, vinavyotumika kwenye mikutano mikubwa Nairobi, na hakuna aliyeuliza ni nani atakayekuwa akizungumza ndani ya vifaa hivyo. Mara ya pili iliamua kumwita Kogo ajieleze. Kogo alikubali wito, lakini akasema hatasemewa na Bethwel, kwa kuwa Bethwel alikuwepo kwenye kamati siku Chepngeno alipoondolewa na akanyamaza. Kwa hiyo wiki iliyopita Mzee Kabiru alirudi tena kwenye lile zizi, safari hii na barua yenye muhuri, kumwomba Chepngeno afike ofisini Alhamisi saa nane kutafsiri.

Aliisoma barua akiwa amesimama, akamrudishia.

“Alhamisi nina viazi vya kupakia. Na Kogo hana siri na nyinyi ya kuzungumza ofisini.”

“Sasa nikaambie kamati nini, mama?”

“Waambie nitakuja Jumapili saa nne, nitasimama mbele. Mkiwa na la kumuuliza, mtamuulizia hapo, na wenzake kumi wasikie.”

“Na ibada?”

“Si ndiyo hiyo ibada, Kabiru!”

Mzee Kabiru alisimama pale muda, barua mkononi, kisha akauliza kama kuna maziwa yaliyobaki, maana nyumbani yamekwisha. Chepngeno alimpimia lita moja, akamfungulia lango. Leo ni Jumamosi. Nimetoka kumwona akishuka kwa Kogo, kama Jumamosi za zamani, na Mchungaji Hiram hajasema kama ataruhusu. Chepngeno naye hajamuuliza.